Simamisha hadithi kabla ya hukumu

Msomaji wa Mbagala ametuandikia hivi: "Kila Jumamosi jioni nawasomea hadithi watoto wangu wawili na wa majirani. Wanafika 12, wa miaka 7 hadi 13. Nilitaka ngano za Kiafrika zinazohusu haki, lakini kila nikifungua kitabu namkuta Sungura anaiba, anadanganya, na watoto wanashangilia. Juzi mmoja kampokonya mwenzake andazi, akasema, 'Mimi Sungura bwana.' Nikiuliza tumejifunza nini, wote wanaitikia kwa pamoja: tusiwe wachoyo. Nakosea wapi, na nisome zipi?"

Dada, watoto hawajakosea kumshangilia Sungura. Hadithi zake zinataka ashangiliwe. Yeye ni mdogo, hana pembe wala kucha za maana, na majirani zake ni Simba, Fisi na Tembo. Akili ndiyo silaha yake, na msikilizaji aliyeonewa kutwa nzima anapumua akisikia mkubwa kaingizwa mjini. Hizo ni ngano za ujanja, na zina thamani yake. Ila ukizitaka zifundishe haki unazibebesha mzigo usio wao, na watoto wanaliona hilo haraka kuliko sisi.

Hata hivyo usizitupe. Chukua ile ya asali ya Simba, iliyosimuliwa Unguja tangu zamani. Sungura anaona asali kwenye mbuyu, anamwita Buku, yule panya mkubwa, wakale wote. Wanapanda, wanakula, mara mwenye asali anatokea chini. Sungura anatoroka kwa hila, Buku anabaki mikononi mwa Simba. Watoto wanacheka, na wewe waache wacheke mpaka wamalize. Halafu uliza swali moja tu: "Buku alikosa nini?" Kaa kimya. Atatokea mmoja atakayesema Buku naye alikula. Mwingine atasema lakini yeye aliitwa, hakujua asali ni ya nani. Wa tatu atauliza kama Sungura alijua. Hapo mmeshaingia kwenye haki bila kulitaja neno lenyewe. Kwenye hadithi yoyote ya Sungura tafuta nani aliumia na alikosa nini, inatosha. Yule mtoto wa andazi anahitaji kukutana na Buku kabla ya kukutana na mawaidha yoyote.

Na hilo swali la "tumejifunza nini" liache kabisa kwa miezi mitatu. Watoto wanalijua kutoka darasani. Ni kama kengele ya kutokea. Wanachotafuta ni lile neno unalolitaka wewe ili kikao kifungwe, na "tusiwe wachoyo" limewafungulia mlango mara nyingi.

Sasa, ngano zipi ni za haki hasa? Njia ya haraka ya kuitambua ni kuipitia kabla hujaisoma kwa watoto, ukitafuta vitu vitano: mlalamikaji, mlalamikiwa, kilichopotea au kilichoharibika, shahidi, na mwamuzi. Si lazima vyote viwepo. Vikiwepo vitatu, una shauri mkononi. Ukikuta kimoja au viwili tu, hiyo ni ya ujanja, au ni ya asili ya vitu, kama zile za kwa nini gamba la Kobe lina mistari. Isome siku nyingine.

Anza na harufu ya chakula. Huku pwani mwerevu wa kisa hiki ni Abunuwasi, mtu wa visa aliyelipata jina lake kwa mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid. Tajiri anapika nyama, maskini anakaa karibu na ukuta, anakula mkate wake mkavu huku akinusa. Kesho yake, kwa uungwana tu, anamshukuru tajiri: chakula changu jana kilinoga kwa harufu ya chako. Tajiri anamdai. Shauri linafikishwa mbele ya mwamuzi, maskini anaambiwa alipe. Anatoka analia, anakutana na Abunuwasi.

Simama hapo. Usigeuze ukurasa. Mtoto wa Dar hahitaji picha ya kisa hiki. Kila jioni anapita penye jiko la mishikaki mfukoni hana kitu. Waulize: "Tajiri amepoteza nini?" Wape muda wabishane. Wengine watasema hakupoteza kitu. Atakuwepo mmoja wa kusema mkaa ni wake na viungo ni vyake. Hiyo ni hoja, usiidharau. Mjibu kwa swali lingine: nyama ilipungua? Wakishachoka, malizia hadithi kwa mikono, wewe ukiwa Abunuwasi. Tia sarafu mbili za shilingi 200 kwenye bakuli la bati, litikise taratibu karibu na sikio la anayeigiza tajiri, kisha uzirudishe sarafu mfukoni mwako. "Umesikia? Umeshalipwa." Bakuli la plastiki halifai, mlio unakufa, na kisa kizima kimeegemea kwenye huo mlio.

Swali la pili ndilo lenye uzito: mwamuzi wa kwanza alikosea wapi? Alimuuliza maskini, "Ulinusa?" Maskini hana uongo, akakubali, akahukumiwa. Hakumuuliza tajiri, "Ulipungukiwa na nini?" Mtoto wa miaka 10 akishaiona tofauti ya maswali hayo mawili, ameona kitu ambacho watu wazima wengi hatukioni tunapoketi kusuluhisha ugomvi wa wapangaji.

Wiki mbili baadaye soma pacha wake. Uhabeshi, yaani Ethiopia, wanasimulia habari za mtumishi aliyewekeana dau na bwana wake kwamba atakesha uchi juu ya mlima wenye baridi kali. Alikesha akiutazama moto uliokuwa unawaka mbali, upande wa pili wa bonde. Asubuhi bwana akakataa kulipa: ulikuwa na moto. Hakimu akakubaliana na bwana. Akatokea mwenye busara akawaalika wote karamu, chakula kikapikwa, harufu ikajaa nyumba nzima, lakini sahani hazikuja. Hapa pwani kuna inayofanana nayo, ambamo Abunuwasi anaweka chungu huku na moto kule, wageni wanasubiri chakula kiive. Usiwaambie watoto kwamba visa hivi ni ndugu. Kama umeacha wiki mbili katikati, wataligundua wenyewe: kuuona moto si kuuota, na kunusa si kula.

Uhabeshi huohuo unatoka ule wa Punda aliyekosa, na kwa maoni yetu hakuna ngano fupi iliyo kali kuliko hiyo. Wanyama wanakaa kutafuta nani kaleta balaa, kila mmoja aungame. Simba anasema alikula fahali wa watu. Wenzake: hilo si kosa. Chui alikula mbuzi, si kosa. Fisi kaingia kijijini kaiba kuku. Nalo si kosa. Punda anasema siku moja bwana wake aliposimama njiani kuongea na mtu, yeye alikula majani kidogo pembeni. Wote kwa pamoja: kumbe ni wewe! Wakamla.

Hii inaharibika kwa sauti. Ukimsomea Punda kwa sauti ya kulialia na Simba kwa kunguruma, umeshatoa hukumu, watoto wanakufuata tu. Wasome wote wanne kwa sauti ileile na mwendo uleule, kama karani anayesoma orodha. Simama Punda anapomaliza kuungama. Usiulize kama ni haki, maana wote watasema siyo na mazungumzo yatakufa hapohapo. Uliza: "Nani pale angeweza kusema hapana, na kwa nini hakusema?" Watamtaja Fisi. Fisi hana nguvu za Simba, anajua fika kuku si majani. Alinyamaza kwa nini? Mtoto mkubwa atakwambia alinyamaza kwa sababu alikuwa ameshasamehewa lake. Kuna msemo wetu wa kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Watoto wanaujua, lakini wengi hawajawahi kuona unavyofanya kazi. Hapa wanauona.

Na usimwokoe Punda. Tunajua inauma, na wasomaji wengi wenye huruma hugeuza mwisho ili Tembo atokee amtetee. Ukifanya hivyo uchungu unaondoka, na mtoto anaondoka akiamini kuwa daima atatokea mtu. Mwache alale na uchungu wake. Jumamosi inayofuata atarudi nao, na mara nyingi atakuwa ameshafikiria alichopaswa kusema Fisi.

Ndugu yake mfupi ni wa Wasomali: Fisi anaambiwa agawe nyama, anampa Simba nusu, anapigwa jicho linatoka. Mbweha akigawa anampa Simba karibu yote. Anaulizwa kajifunza wapi kugawa vizuri hivyo. Anajibu, kwenye jicho la Fisi. Dakika tatu tu. Uweke siku ambayo muda umebana.

Nakuja kwenye ile tunayoipenda zaidi, na inayotaka uangalifu zaidi. Ni Goso, mwalimu. Ilichapwa London mwaka 1870 kwenye mkusanyiko wa Edward Steere wa hadithi alizosimuliwa Unguja, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Goso anafundisha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda juu kuiba matunda, buyu linaanguka, linampiga Goso, anafariki. Wanafunzi wanamzika, wanaondoka kumtafuta muuaji. Wa kwanza kupigwa ni upepo wa kusi. Kusi inajitetea: kama ningekuwa na nguvu hivyo, ningezuiwa na kiambaza? Wanahamia kwa kiambaza. Kiambaza: mbona panya ananitoboa? Panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe mdudu anayemsumbua, mdudu anamtaja paa. Paa akiulizwa hana jibu. Wanamuua.

Watoto wadogo wanaufurahia mnyororo, wanaudaka na kuuimba. Waache waimbe, wa miaka 7 na 8 wanatosheka na hapo. Kwa wa miaka 10 kwenda juu, simama Paa anaponyamaza. Watapiga kelele: ndiye yeye! Waulize: "Nyinyi mmejuaje?" Watasema hadithi imetuambia mwanzoni. "Na wanafunzi wa Goso, nani kawaambia?"

Kimya kitakachofuata ni cha thamani, usikijaze kwa maneno. Msikilizaji anajua ukweli, wanafunzi hawana ushahidi. Wamempata aliyefanya kwa njia ambayo ingeweza kumpata yeyote. Laiti panya angeshikwa na kigugumizi, angekufa panya. Halafu rudi nyuma. Kuna kumi walioshutumiwa bure kabla ya Paa. Nani aliwaomba radhi? Paa alitaka kuua, au buyu lilimponyoka? Kuiba tunda la mbuyu kuna adhabu ya kifo? Yachukue taratibu, mawili kwa jioni moja yanatosha.

Tahadhari yenyewe ni hii. Mtoto wa mjini hapa ameshasikia "mwizi! mwizi!" mtaani kwao, na ameshasikia redioni habari za wananchi wenye hasira kali. Usiianzishe wewe hiyo mada. Ataianzisha mmoja wao. Akiianzisha, mwache aseme anachotaka kusema, usimdodose mbele ya wenzake alichokiona kwa macho. Ukiona kabadilika uso, sogeza hadithi mbele, kisha uongee naye peke yake au na mama yake. Kwa sababu hiyo Goso isiwe ya Jumamosi za kwanza. Isubiri watoto wakuzoee, na wazoeane wao kwa wao.

Ngano za mashahidi nazo ni nzuri kwa wakubwa. Mtu anamwokoa mamba aliyekwama nchi kavu, anamfunga, anambeba mpaka mtoni, mamba anataka kumla. Wanawauliza wapitao kama wema hulipwa kwa ubaya. Ng'ombe mzee anasema ndiyo: nimewapa maziwa miaka yote, leo nimezeeka wananifukuza. Katika nchi nyingine badala yake ni farasi, au mti wenye kivuli ambao watu hupumzika chini yake kisha wakaukata. Mwishoni Sungura anajifanya haamini, anataka aonyeshwe mamba alivyobebwa, na mamba akishafungwa tena mchezo umekwisha. Senegal wanaisimulia hivyo, na Sungura wao anaitwa Leuk. Cha kuuliza hapa ni ushahidi wa ng'ombe. Alichosema ni kweli kabisa, binadamu wanamfanyia hivyo. Lakini mtu huyu mwokozi ndiye aliyemfanyia? Malalamiko ya kweli yanaweza kumwangukia asiyehusika. Wa miaka 12 wanalishika hili vizuri, wa 8 watapotea, kwa hiyo wape wadogo kazi ya kuigiza mamba.

Zipo pia ngano za mtanziko, ambazo msimuliaji anaziacha bila jibu. Vijana watatu wanampenda binti mmoja: wa kwanza ana kioo cha kuonea mbali, wa pili ana mkeka unaoruka, wa tatu ana dawa. Kioo kinaonyesha binti anakufa, mkeka unawafikisha, dawa inamponya. Amwoe nani? Usitafute jibu nyuma ya kitabu, halipo. Usipige kura pia. Kura inamaliza mjadala, wachache wanaona wameshindwa na walio wengi wanaona wamethibitika. Waombe kila mmoja sababu moja, na sharti la kuongea ni kurudia kwanza alichosema aliyetangulia: "Asha amesema bila kioo wasingejua, mimi naona..." Sharti hilo dogo linabadilisha kikao kuliko mawaidha ya saa nzima. Na kama hakuna aliyeuliza binti mwenyewe anamtaka nani, uliza wewe.

Ya Liberia ni jamaa yake lakini ina hukumu. Mwindaji hakurudi kutoka porini, nyumbani wakaendelea na maisha mpaka mtoto wa mwisho, aliyezaliwa baba akiwa hayupo, alipoanza kuongea akauliza: baba yuko wapi? Kaka zake wakaenda wakaikuta mifupa. Mmoja akaiunga, mwingine akaivika nyama, mwingine akatia damu, mwingine pumzi, mpaka mzee akasimama. Baadaye akatengeneza mgwisho mzuri wa mkia wa ng'ombe, kila mtu akautamani. Simama kabla hajautoa. Wengi watampa aliyetia pumzi. Baba alimpa yule mdogo aliyeuliza. Watoto wengine watakasirika, na wana haki ya kukasirika: yule hakufanya kazi. Waache wampinge baba. Ngano haivunjiki kwa kupingwa.

Jambo moja kuhusu maneno. Mtoto akisema "sio fea" mara nyingi ana maana kwamba haikuwa sawasawa. Wadogo hushikilia usawa wa kuhesabu: mimi moja, wewe moja. Kiswahili chetu kina haki, usawa, uadilifu, insafu, na kila moja lina mahali pake. Huhitaji kuwafafanulia. Weka maandazi 6 mbele ya watoto 4, waambie mmoja ametoka kuchota maji na mmoja hakula mchana, wagawe wenyewe kabla ya hadithi. Wakishindwa kukubaliana, wako tayari kusikiliza. Na lile la "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" liweke akiba. Litolewe na mtoto mwenyewe, au lisitolewe.

Kuhusu kikao chenyewe. Kwa watoto 12, dakika 45 zinatosha, na giza la Mbagala linaingia mapema kuliko unavyodhani ukisubiri wote wafike. Vitendawili dakika tano, kisha "Paukwa!" na wao "Pakawa!" ili wajue sasa tumeingia. Hadithi ya maneno 1,200 huchukua kama dakika 12 ukiisoma taratibu. Ndefu kuliko hiyo igawe mara mbili. Shauri dakika 15, isizidi 20. Isome peke yako mara tatu kabla: mara ya kwanza uielewe, ya pili uiweke alama ya penseli pale pa kusimama, ya tatu kwa sauti. Alama hiyo ndiyo kazi kubwa ya msomaji. Ukisimama mapema, hawajajua shauri ni nini; ukichelewa, jibu limeshawaponyoka masikioni.

Kwa hilo shauri, teua wazee wa baraza watatu, kwa zamu, wasichana na wavulana. Usiwape wakubwa kila wiki, watageuka mahakama ya kudumu. Mlalamikaji mmoja, mlalamikiwa mmoja, mashahidi kadiri hadithi inavyotaka, waliobaki ni watu wa mtaa na wana ruhusa ya kuuliza swali moja kila mmoja. Wazee wakitoa uamuzi wataje sababu, na fidia iwe kitu kinachowezekana. "Afungwe maisha" haikubaliki. Waulize aliyepotelewa atapata nini kwa huyo kufungwa. Baada ya hapo ndipo usome mwisho wa hadithi, na uwaulize kama wanakubaliana na hukumu ya mababu. Mara nyingine watakuwa wamehukumu vizuri kuliko hadithi. Waambie hivyo wazi.

Usimpe mtoto yeyote jina la Fisi kwa sababu ya mwili wake au ulaji wake. Jina hilo linatoka nje ya geti, linafika shuleni, na halirudi. Igizo la Fisi lizunguke, au ulichukue mwenyewe.

Nyimbo za ndani ya hadithi usiziruke hata kama huna tuni yake. Katika zile za msichana aliyeuawa na wenzake, nyasi zikaota juu ya kaburi na kuimba zinapokatwa, wimbo ndio ushahidi pekee uliopo. Ukiuruka umemfukuza shahidi. Buni tuni rahisi ya mistari miwili, watoto wataitengeneza.

Kuhusu vitabu, Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto. Nenda siku ambayo huna haraka, usome kwanza palepale. Ukiona dubu au theluji kwenye hadithi inayoitwa ya Kiafrika, iache. Ukiona Kiswahili chake ni kigumu mdomoni, huenda ilitafsiriwa kwenda Kiingereza kisha ikarudishwa. Isimulie kwa maneno yako badala ya kuisoma. Na kila mara taja ilikotoka. Anansi, yule buibui mjanja, ni wa Waakan wa Ghana, yule wa mgwisho ni wa Liberia. Ukisema tu "Afrika", watoto wanadhani kuna kijiji kimoja mahali fulani ambako wanyama wote walikuwa wanaishi. Halafu hapohapo Mbagala una hazina: majirani waliopanda na Barabara ya Kilwa kutoka Rufiji, Lindi na Mtwara. Mwombe bibi mmoja aje asimulie ya kwao, kwa lugha ya kwao sehemu ya wimbo. Muulize mapema hadithi inaishaje, ili ujue pa kumwomba apumzike anywe maji.

Kwa mpangilio, tungeanza na harufu ya chakula, kisha asali ya Simba na Buku, kisha moto wa mlimani, kisha Punda. Goso baada ya mwezi, mgwisho baada ya Goso.

Huyo wa andazi usimfanyie shauri barazani. Shauri la mtoto halisi mbele ya wenzake linamwaibisha, na aibu haimfundishi kugawa. Mchukue pembeni, mwambie arudishe andazi kutoka kwenye fungu lake la Jumamosi ijayo. Na siku hiyo maandazi yakiwa hayatoshi, mpe yeye kisu akate vipande, kila mtu achague, yeye achague wa mwisho. Utaona atakavyokata.